Kiapo Ulichokataa Kuitikia

Louisville, Alhamisi jioni

Kaneza, binti yangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako na hukuniambia utarudi saa ngapi. Sikuuliza. Tangu Jumapili mimi na wewe tunaongea kwa milango: nikisikia wa bafuni umefungwa najua upo, ukisikia wa jikoni umefunguliwa unajua natoka. Jua la Agosti bado limekaa juu ya maegesho ya magari kama mgeni asiyeaga. Leo nimeomba ruhusa kazini, nikamwambia msimamizi kwamba mgongo unaniuma. Hata si uongo mkubwa. Mgongo wa mtu aliyepanga maboksi ghalani miaka kumi na moja hauhitaji kutungiwa ugonjwa.

Kesho asubuhi baba yako atakupeleka Columbus, chuoni kwako. Mambo ya koti, ya funguo, ya kula kabla hujasikia njaa, sitayaandika. Baba yako ameyasema mara nne na wewe umemjibu "okay, Baba" mara nne, inatosha. Mimi nina mawili tu. La kwanza ni kwa nini nilikutukana Jumapili ndani ya gari tulipotoka kanisani. La pili ni jambo nililolifanya Jumatatu, ambalo hulijui na ambalo litakufuata hadi huko uendako. Naanza na la kwanza kwa sababu la pili linanitia aibu zaidi.

Ulikuwepo, najua, lakini nataka uione Jumapili ile kutoka kwenye kiti changu. Nilikuwa nimeshonesha kitenge kipya. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu ya kusema nikipewa kipaza sauti, nimeyafanyia mazoezi ghalani mbele ya maboksi, hata yule mama Mbosnia ninayefanya naye kazi akaniuliza kama naomba au nagombana. Kila mwaka nimekaa pale nikitazama watoto wa wenzangu wakiagwa. Wanasimama mbele, mkono mmoja juu ya Biblia, mzee wa kanisa anasoma daftari la ahadi sentensi moja moja nao wanaitikia. Kisha wanatia sahihi, akina mama tunapiga vigelegele, na mzazi anasimama kusema. Miaka yote nimepiga vigelegele vya watoto wa watu. Mwaka huu ilikuwa zamu yangu kupigiwa.

Uliitikia ya kwanza, ya kwamba hutaacha imani ya wazazi wako. Uliitikia ya pili, ya lugha, na sauti yako ilikuwa nzuri kuliko za wenzako wote, nikamgusa jirani yangu kwa kiwiko. Kisha mzee akasoma ile ya tatu: "Sitakaa wala kula na wale wanaofundisha au kufuata mambo yanayopinga imani yetu." Wenzako wawili wakaitikia. Wewe ukafunga mdomo. Mzee akairudia, akidhani hukusikia. Ukaondoa mkono wako juu ya Biblia, polepole, ukaushusha ubavuni, ukabaki umesimama hivyo hadi mwisho. Hukutia sahihi. Mimi sikupewa kipaza sauti.

Garini nilikwambia mambo ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto. Nilisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hiyo si kitu, umeisikia tangu utotoni. Lakini nilisema pia kwamba afadhali ningezaa jiwe, jiwe ningelijengea. Wewe ulikuwa unatazama dirishani. Ukanijibu kwa Kiswahili, wewe ambaye siku hizi unanijibu kwa Kiingereza hata nikikuuliza chumvi iko wapi: "Mama, siwezi kuapa kwamba sitakula na mtu ambaye hata sijamjua." Halafu ukaongeza: "Sheria inakikataza chuo kuniapisha. Wewe haikukatazi?"

Baba yako alicheka. Nikamkasirikia yeye pia.

Ulikuwa na haki ya kuniuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyeishangilia sheria hiyo. Unakumbuka Januari, fomu ya kitivo cha ualimu ilikuwa na ukurasa wa ziada ukikutaka ueleze jinsi unavyojitolea kwa mambo fulani ya jamii wanayoyaamini wao, na utafanya nini kuyaendeleza. Uliandika ukafuta, ukaandika ukafuta. Nikakuuliza shida iko wapi. Ukasema mengine unayaamini na mengine hujui bado kama unayaamini, na ukurasa hauna nafasi ya "sijui bado". Nikakwambia, "Andika wanachotaka kusikia, mwanangu. Ndivyo watu wanavyovuka." Nilikuwa nasema la moyoni. Sisi tulifika nchi hii kwa kujibu maswali, mwaka wa tatu, wa nne, wa tano, kila mara mbele ya ofisa mpya, na tulijifunza kumtazama ofisa usoni kabla ya kufungua mdomo. Hatukudanganya, lakini tulijua jibu lipi linafungua mlango. Tabia hiyo nilikuja nayo ndani ya ndege, nikaipitisha uwanjani bila kukaguliwa.

Wewe ukaifunga fomu. Fomu hiyo hukuituma kwanza.

Baadaye ukaja na habari kwamba majimbo haya yetu mawili, hili tunaloishi na lile unakokwenda, yamepitisha sheria. Chuo cha umma hakiruhusiwi tena kumdai mwanafunzi wala mwalimu atamke msimamo wake wa kiitikadi ndipo apokelewe au apate kazi. Ukurasa ule uliondolewa. Nilipiga kigelegele pale pale jikoni. Nikasema Mungu mkubwa, hakuna atakayemwapisha mwanangu. Wewe hukufurahi kama nilivyotaka ufurahi. Uliniambia wengi waliopigania sheria hiyo hawatupendi sisi, na walioweka ukurasa ule mwanzoni baadhi yao walitaka watu kama sisi tupate nafasi. "It's complicated, Mama," ukasema. Kwamba mambo hayo yamefungamana, na hadi leo sijayafungua. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba naviogopa viapo, na sababu yake sijawahi kukwambia. Ungeijua, ungejua pia kwamba Jumapili sikuwa mjinga. Nilikuwa kitu kibaya zaidi ya mjinga.

Nilikuwa na miaka ishirini, katika kambi ya wakimbizi, kule Kasulu. Wewe hujazaliwa, na baba yako namfahamu kwa salamu tu. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu kwa kusaidia, kwa kuwa nilisoma vizuri kuliko wengi. Katika bloku yetu, mtaa wetu wa kambini, nilikuwa na rafiki anaitwa Spesiosa. Alinitangulia kuolewa, nyumba yake na ya kwetu ziligawana ukuta mmoja wa tope, na asubuhi yule aliyewahi kuwasha moto alimpa mwenzake kaa. Kwake aliishi pia mama mkwe wake, bibi mzee asiyeona vizuri, aliyekaa mlangoni akiwasalimu watu kwa kusikia nyayo zao. Bibi huyo alikuwa wa kabila lile jingine, lile tuliloambiwa ndilo lililotukimbiza Burundi. Kila mtu alijua, na kwa muda mrefu hakuna aliyejali, maana njaa ya kambini haikuuliza kabila.

Kisha wakaja watu wa chama. Sitasema chama gani, hakipo tena. Walikuwa wanapita bloku kwa bloku mchana, wakati wazungu wa mashirika wako kwenye mikutano yao, wakikusanya watu nyuma ya darasa. Wakasema lazima tuape umoja, na kiapo kilikuwa kwenye karatasi, wakahitaji mtu wa kukisoma. Wakaniita mimi. Sikuburuzwa, Kaneza. Niliona fahari. Mwalimu msaidizi, msichana, kapewa karatasi asome mbele ya wanaume. Nilisimama juu ya jiwe ili nionekane.

Sentensi zilikuwa nyingi. Nazikumbuka mbili tatu, na moja ilisema hivi: hatutakaa wala kula na mtu wa kabila lile. Niliisoma kwa sauti yangu ya darasani, na watu wakaitikia. Spesiosa alikuwa mstari wa mbele, mtoto mgongoni, na nikaona midomo yake imefungwa. Nikasoma inayofuata, na midomo imefungwa. Alikuwa ananitazama mimi tu. Nilidhani ananiomba kitu, na sikujua ni nini, au nilijua.

Tulipomaliza, yule mkubwa wao akauliza kama wote wameitikia. Akanigeukia, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza saa: "Mwalimu, wewe ulikuwa unatazama watu. Nani hakuitikia?"

Nikasema, "Spesiosa."

Hakunishika mkono. Hakunitisha. Watu huwa wanaongeza hapo, wakisimulia makosa yao, kwamba waliwekewa panga shingoni. Mimi sikuwekewa kitu. Nilijibu upesi kama mwanafunzi anayejua jibu. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile haukuwa hata na ngozi.

Hawakumpiga. Walitangaza tu kwamba atakayekuwa naye, atakuwa ameamua. Basi bombani ndoo yake ikawa inasogezwa nyuma, na aliyesogeza humwoni. Watoto wakaacha kucheza mlangoni kwake. Asubuhi alikuja na kigae chake kuomba kaa la moto, nikamwambia moto haujashika, na moshi ulikuwa unatoka nyuma yangu anauona. Alikuja mara moja tu. Yule bibi mlangoni aliendelea kuwasalimu watu kwa nyayo zao, na watu wakajifunza kupita kwa kunyata.

Mwezi wa saba bibi akafariki.

Unajua kwetu, hata hapa Louisville, mfiwa hashiki jembe. Msiba ukitokea, wewe kazi yako ni kulia. Majirani wanachimba, wanapika, wanateka maji, wanalala kwako. Ndiyo maana babu yako alipofariki ulipata shida kunielewa niliposema sijui nani alilipia nini wala nani aliosha vyombo. Hivyo ndivyo mtu anavyojua kwamba ana watu. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharage ya mgao. Mume wa Spesiosa akapita na jembe begani, peke yake. Alikwenda kuchimba kaburi la mama yake mwenyewe. Wanaume wa bloku walikuwa wamekaa wanacheza karata, hawakuinua macho. Alinisalimia, "Mwalimu." Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikaendelea na maharage gizani. Yalikuwa na mawe mengi, na sikuyaona, na jioni tuliyatafuna.

Baada ya wiki chache walihamishiwa kambi nyingine. Chama kile kilivunjika kabla ya mwaka kuisha, wakubwa wake wakagombana, mmoja akarudi Burundi, mwingine yuko nchi hii hii. Aliyeniuliza lile swali nimekutana naye kwenye harusi mara mbili. Anacheza vizuri sana. Ananiita "Mwalimu" bado, na nadhani hakumbuki kitu.

Sasa nikukumbushe jambo uliloliona kwa macho yako. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, tulikwenda Buffalo kwenye harusi ya mpwa wa baba yako. Siku ya pili nilikwambia tutembee kwa gari, wewe na mimi, tukaenda Riverside, karibu na mto, nikaegesha mbele ya nyumba ya mbao yenye rangi ya kijani. Nikakwambia nisubiri dakika kumi. Nilikaa saa nzima. Niliporudi uliniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu, nikasema ni upepo wa mtoni. Ukasema, "Lakini ulikuwa ndani." Nikawasha redio.

Ilikuwa nyumba ya Spesiosa. Nilikuwa nimesikia kwa watu kwamba yeye na mume wake waliletwa Buffalo miaka mingi iliyopita. Nilibisha hodi, akafungua mwenyewe. Amenenepa kidogo na magoti yanamsumbua, anafanya kazi ya kusimama kiwandani. Akasema, "Karibu, Konsolata," kana kwamba nilikuja na jana. Akaniketisha. Akachemsha chai kwa maziwa na tangawizi. Yeye hakuketi.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Unanijua, mimi huandaa maneno. Nikasema nimekuja kuomba msamaha kwa siku ile nyuma ya darasa na kwa yote yaliyofuata. Alikuwa ameegemea jiko, anatazama nje. Kisha akasema, "Ardhi ilikuwa imekauka, ilikuwa Julai. Alichimba tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mimi nilikuwa namshikia maji, na mtoto analia, na sikuwa na mtu wa kumpa mtoto." Akageukia kikombe changu. "Chai yako inapoa," akasema.

Nikanywa. Nilikunywa yote kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya. Akauliza, "Yule garini ni nani?" Nikasema ni binti yangu. Akasema, "Mwite aingie, kuna baridi." Nikasema hapana, tunaharakisha. Hatukuwa tunaharakisha popote. Niliogopa ungeingia, ungempenda, ungeuliza tunajuana vipi, naye angekwambia. Akanisindikiza hadi mlangoni, akanipa mkono. Sikusamehewa, Kaneza. Nilipewa chai, na nilistahili pungufu ya hapo. Hatujaongea tena, namba yake ninayo na sipigi.

Basi fikiria. Mtu aliyeyaona hayo, aliyesoma karatasi ile kwa mdomo wake, anakaa kanisani miaka yote akipigia vigelegele sentensi ileile. Ilibadilishwa maneno machache tu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wakiapisha chuoni, nalia na serikali inisaidie. Wakiapisha kanisani kwangu, nashona kitenge. Na uliponyamaza, ungedhani ningeona uso wa Spesiosa. Sikuuona. Nakwambia ukweli hata kama utanidharau: niliona vichwa vya akina mama vikigeuka kunitazama. Hicho tu. Uso wa Spesiosa nilikuja kuuona usiku wa Jumatatu, baada ya kosa.

Na kosa ni hili. Tulipokuwa tunatoka, mzee wa kanisa alinivuta pembeni, unamjua anavyochanganya Kifaransa, na anavyonong'ona watu wote wakasikia. "Bon, mama Kaneza, mutoto yako alinyamaza juu ya nini? Donc, tutaandika nini ku daftari?" Nikasema umechoka, una wasiwasi wa safari, utatia sahihi. "Basi umulete kesho," akasema. Nilijua hutakwenda. Jumatatu kabla ya zamu nikaenda peke yangu, nikasema umenituma. Akafungua daftari. Nikaandika jina lako.

Nimekutilia sahihi tangu una miaka sita: chanjo, safari ya makumbusho, ruhusa ya kucheza mpira, fomu ambazo nusu yazo sikuzielewa. Mkono wangu ulikwishazoea. Hata ile K yako yenye mkia nikaiiga. Mzee akaitazama, akasema, "Muzuri." Nilitoka pale na amani, Kaneza, amani kabisa, nikaenda kazini nikapanga maboksi nikiimba. Wakati wa mapumziko nikakaa kula, nikafungua bakuli, ni maharage. Nikalifunga tena. Nilikuwa nimefanya tena jambo lilelile. Safari ya kwanza nilimtaja aliyenyamaza. Safari hii nilikwenda kumsemea, na sijui lipi ni baya zaidi. Ulikuwa na kimya chako, kitu chako mwenyewe, nami nikakiingilia nikaandika juu yake.

Jana nilirudi nikamwomba mzee alifute jina lako. Nikamwambia wazi kwamba si wewe uliyeandika, ni mimi. Alikunja uso, si kwa hasira, kwa kuchoka. "Mama, tufute nini? Nilisha tuma picha kwa ndugu za Columbus. Ilisha kwenda." Nikamwomba daftari nilifute mwenyewe. Akalifunga, akaweka kiwiko chake juu. Akasema tusiwachanganye watu, mtoto atakua, atashukuru. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Si mtu mbaya. Alikaa nasi siku tisa babu yako alipofariki. Ndiyo maana ni vigumu, wangekuwa watu wabaya ningekuwa nimekwishawakimbia.

Kwa hiyo hivi ndivyo mambo yalivyo. Kanisa la ndugu zetu kule liko Whitehall, si mbali na chuo chako kwa gari. Jumapili hii akina mama wa huko watakuja kukuchukua, watakuja na vyakula, watakuita binti yetu, na watakuwa wanasema kweli. Wana jina lako. Wanaamini umeapa. Siku utakapoonekana mkahawani na mtu wasiyemtaka, au ukapenda somo wasilolipenda, hawatasema umechagua. Watasema umevunja. Kuna tofauti kubwa kati ya hayo mawili, na wewe unaanza maisha yako ukiwa upande mbaya kwa sababu ya kalamu yangu.

Sheria haitakusaidia hapo. Inamfunga mdomo mkuu wa chuo, haimfungi mama yako. Wala haiwafungi wenzako wa bwenini. Nao watakuwa na sentensi zao za kuitikia, mezani, kwenye simu, hazitaandikwa popote, na atakayekaa kimya ataonekana. Na hao walioileta sheria, sijui kama siku moja hawatakuwa na karatasi yao mfukoni. Nimeishi vya kutosha kuogopa. Sikwambii usiape kamwe. Mimi nilimwapia baba yako na sijutii, isipokuwa akikoroma. Lakini ukimwona mtu, wa upande wowote, anayetazama midomo ya watu kuona nani haitikii, mwogope. Namfahamu mtu huyo vizuri. Alisimama juu ya jiwe na alikuwa na miaka ishirini.

Hofu yangu nyingine ni wewe mwenyewe, maana una moyo wa kuficha aibu za watu. Ulipokuwa darasa la nne mwalimu wako alikuuliza kwa nini barua ya mkutano wa wazazi haijarudishwa, ukamwambia umeipoteza njiani. Ilikuwa mezani. Nilishindwa kuisoma, na hukutaka ajue kwamba mama yako, mwalimu wa Kasulu, hawezi kusoma barua ya shule. Ulikaa ndani wakati wa mapumziko siku mbili kwa ajili yangu. Nilikuja kujua baadaye kwa mama mwingine, nikakaa kimya, kwa sababu ilinifaa.

Utataka kufanya hivyo tena. Watakapokuja na kusema, "Binti yetu, si uliapa?", utawaza heshima yangu, utawaza jinsi nitakavyoonekana nikisimama kanisani hapa Louisville, utainamisha kichwa ukubali kwamba uliapa ukavunja. Nakuomba usifanye. Waambie, "Sikuapa. Nilinyamaza. Mama yangu alikwenda akaandika jina langu bila kuniuliza." Wakikwambia unamvunjia mama yako heshima, waambie mama mwenyewe ndiye aliyekutuma useme, na waonyeshe karatasi hii. Wakitaka jina la huyo mama, wape lote. Usinisitiri, mwanangu. Nimesitiriwa muda mrefu sana na watu niliowaumiza.

Kuhusu jiwe nililosema garini, sijui niombe vipi. Nililisema na ulilisikia. Barua hii naiweka juu ya begi lako jeusi, si ndani, ili uisome kabla ya kuondoka au uikatae ukijua unachokikataa. Kesho nitaamka niwapikie chapati za njiani, uzile usizile. Ukishuka ngazi bila kuniaga nitaelewa, na nitaumia, vyote viwili.

Sahihi hii ya chini ni yangu, nimeiandika kwa mkono wangu na kwa jina langu:

Konsolata, mama yako, niliyeandika pale ambapo wewe ulinyamaza.